Dadu ya Ushawishi ikitoka 28, karani lazima atoe ufunguo?

Meza ya Pili:

Wadau, habari zenu. Naomba mnisaidie kufikiri kabla ya kikao chetu kijacho.

Mimi ndiye mwongozaji, yaani msimulizi, wa kampeni ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa maneno na dadu, toleo la 2014. Kikao kilichopita kiliishia gerezani. Mganga mmoja aliyekuwa akiwasaidia wachezaji tangu mwanzo wa kampeni amefungwa, na atanyongwa alfajiri. Kati yao na seli yake yuko karani mzee wa zamu ya usiku. Ana meza, taa, daftari, na nyuma yake ukutani kuna ubao wa funguo. Hawamjui, naye hawajui. Wakakubaliana kwamba hawamwagi damu ya mzee, watazungumza naye. Nilifurahi kweli, maana mazungumzo ndiyo ninayoyapenda kuliko chochote katika michezo hii.

Anayecheza askari wa kukodiwa ana kipaji cha kuongea, ingawa mhusika wake ana Haiba 8, yaani chini ya wastani. Alimsemesha yule karani kwa dakika kadhaa: jinsi mganga alivyotibu watu bila kuuliza ni wa upande gani, na jina ambalo mzee anawaachia wanawe. Meza nzima ilinyamaza. Nikaomba arushe dadu ya pande ishirini, ikatoka 4, ukitoa moja kwa ajili ya Haiba yake ndogo inabaki 3. Akakunja karatasi yake, hakusema tena neno hadi mwisho wa kikao.

Kisha anayecheza malenga, ambaye ni mpole na hapendi kuigiza mbele ya watu, akasema tu: "Namshawishi atupe ufunguo." Ana nyongeza ya 9 kwenye Ushawishi. Dadu ikatoka 19. Jumla 28. Tukaishia hapo kwa sababu muda ulikuwa umekwisha.

Tangu siku ile kundi limegawanyika. Wapo wanaosema 28 ni 28, ufunguo utoke. Wapo wanaosema hotuba ile ilistahili kufungua mlango na sentensi ya maneno matatu haistahili. Mimi naona wote wana haki yao, na mzee wa watu naye ana yake, maana akitoa ufunguo anayekwenda kitanzini ni yeye. Ninyi mngefanyaje?

---

Upanga Kwanza:

Mpe ufunguo, mkuu, wala usisite.

Mchezaji wako alipanda madaraja, akachagua Ushawishi akaacha ujuzi mwingine, akajinyima mengi vitani ili awe hodari wa jambo hili moja. Siku yake imefika, unamwambia "lakini karani hataki"? Mimi nacheza mpiganaji. Hakuna mwongozaji aliyewahi kunitaka nisimame nimwonyeshe ninavyozungusha upanga ndipo anihesabie pigo. Narusha, napata, adui anaumia. Kwa nini mwenye maneno adaiwe zaidi ya mwenye chuma?

Na yule wa hotuba, pole yake, lakini Haiba 8 aliiandika mwenyewe na zile pointi akazipeleka kwenye Nguvu. Ulimi wake wa kuzaliwa usizibe pengo la karatasi, la sivyo kila mwenye maneno mengi mezani ataweka Haiba chini na kula pande zote mbili.

---

Mshika Pazia:

Meza ya Pili, ufunguo usiutoe mkononi mwa karani, na 28 ya malenga usiipoteze. Hayo mawili yanakaa pamoja vizuri tu, nami nimeongoza mazungumzo ya aina hii kwa miaka na bado nayaona ndiyo moyo wa mchezo wote.

Nianze na hoja ya Upanga Kwanza, kwa sababu ndiyo iliyobeba jibu. Ukilipiga joka kwa 28, umelipata. Kisha unarusha dadu za madhara, unapunguza uhai wake, na joka zima bado lina pointi zaidi ya mia. Halafu inakuja zamu yake. Hakuna mpiganaji anayelalamika kwamba ameporwa pigo lake kwa kuwa joka halijaanguka. Vitani tumekubali kwamba dadu moja ni pigo moja. Tukifika kwenye maneno, ghafla tunataka pigo moja liangushe uaminifu wa mtu, hofu yake na shingo yake. Mwenye maneno hadaiwi zaidi ya mwenye chuma, mkuu. Kwa namna mnavyotaka ninyi anadaiwa kidogo mno.

Tabia hii ina chimbuko lake. Toleo la kwanza kabisa la mchezo huu, la Gary Gygax na Dave Arneson, la 1974, lilikuwa na dadu mbili za pande sita za kupima jinsi viumbe mliokutana nao wanavyowapokea. Zilipima hali ya moyo mwanzoni mwa mkutano, basi. Kilichofuata mlikijenga wenyewe kwa maneno na matendo. Miaka mingi baadaye likaja toleo la 3.5, mwaka 2003, na jedwali la Diplomasia lenye namba zisizotikisika: kumtoa adui hadi akawa msaidizi wako ni 50, kumtoa asiye na upande hadi akawa msaidizi ni 30. Haijalishi ni mfalme au mchunga mbuzi, haijalishi ana daraja gani. Dakika moja ya kuongea ilitosha, na ukiwa na haraka ulipunguziwa 10 ukamaliza hata katikati ya mapigano. Watu wakatengeneza wahusika wa kufikia namba hizo mapema kabisa. Mezani kukawa na mtu mmoja anayegeuza majeshi, na wenzake wakikaa kumtazama. Toleo lile limepita lakini mazoea yake yamebaki vichwani mwetu, hata kwa waliojifunza kucheza jana.

Sasa fungua kitabu cha mwongozaji cha toleo lako mwenyewe, cha 2014. Kina mitazamo mitatu: rafiki, asiye na upande, adui. Asiye na upande, ukifika 10, anakusaidia mradi hapati hatari wala hasara. Ukifika 20, anakubali hatari ndogo. Hatari kubwa inakubaliwa na rafiki peke yake, tena kwa 20. Jedwali linaishia hapo. Hakuna mstari wa 28 unaosema mtu akubali kunyongwa. Na fikiria: mwenye nyongeza ya 9 anafika 20 nusu ya mara anazorusha. Kama 20 ingefungua kila mlango, malenga wako angeangusha nusu ya viti vya enzi vya dunia yenu kabla hajazeeka.

Kuna jambo jingine mle ndani ambalo watu wengi wanaliruka, na linamhusu yule askari aliyekunja karatasi. Kabla ya dadu yoyote kuna mazungumzo yenyewe, na wachezaji wakigusa kile mtu anachokithamini, mtazamo wake unaweza kusogea hatua moja. Hatua moja tu kwa mazungumzo mamoja, na hauhitaji dadu kusogea. Askari alitaja wana wa karani na jina atakalowaachia. Kama mzee huyu ana wana anaowajali, hotuba ile imemsogeza kutoka kutokuwa na upande hadi kuwa rafiki, hata kama dadu ya ombi lake ilitoka 3. Ile 3 iseme tu kwamba mzee hakutaka kuyasikia hayo kutoka kwa mtu aliyesimama na silaha kiunoni. Kisha malenga akaomba kwa upole, na 28 yake imemkuta mtu ambaye tayari ni rafiki. Wote wawili wamefanya kazi. Mweleze askari hilo waziwazi kikao kikianza, kabla hata hamjarudi gerezani. Anahitaji kulisikia.

Halafu andika mistari mitatu kuhusu karani. Anataka nini? Anaogopa nini? Kitu gani hatakifanya hata akilipwa dunia nzima? Mimi siendi kikaoni bila mistari hiyo kwa kila mtu mwenye mlango, saini au ufunguo. Wa kwako tuseme anataka wanawe wasimwonee haya. Anaogopa hesabu ya funguo ya alfajiri. Hatakabidhi ufunguo kwa mkono wake, kwa sababu siku atakapoapishwa anataka aape bila kusema uongo.

Ukishajua hayo, 28 inajisomea yenyewe:

Karani anamtazama malenga, hasemi kitu. Anafunga daftari, analaza kalamu juu yake. "Funguo zinahesabiwa kengele ya kwanza ikilia," anasema. "Ukikosekana mmoja, kesho seli ile ni yangu." Anainua taa, anaitikisa karibu na sikio. "Mafuta yanaelekea kwisha. Ghala liko ng'ambo ya ua, na magoti haya si ya kukimbia." Anatoka, anauvuta mlango nyuma yake bila kuufunga.

Ubao wa funguo uko ukutani. Mzee hajavunja kiapo, hakupiga kelele, amewaambia hatari iko wapi na amewaachia nafasi. Hicho ndicho kilichonunuliwa na 28, na si kidogo! Kilichobaki ni juu yao: ufunguo urudi kwenye msumari wake kabla ya kengele, na ipatikane hadithi ya kueleza seli tupu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Je, ingetoka 12? Angewaambia tu kwamba funguo zinahesabiwa alfajiri, akabaki kitini pake. Na kama angeomba mwingine asiye na nyongeza ile ikatoka 5, mzee angewataka waondoke naye akaandika sura zao daftarini. Kila namba inasogeza jambo mbele. Jibu ambalo silikubali mezani kwangu ni "hapana, hakubali" halafu kimya, maana hapo ndipo kila mchezaji anaomba naye arushe dadu yake, na mazungumzo yanageuka bahati nasibu.

Toleo la 2024 limelisema hili kwa ufupi kuliko yote yaliyotangulia. Mtu akiwa tayari, anafanya, hakuna dadu. Asipotaka kabisa, hafanyi, hakuna dadu. Anayesitasita ndiye anayerushiwa, na namba ya kufikia ni 15 au alama yake ya Akili, ile iliyo kubwa. Ukishindwa unasubiri saa 24 kabla ya kumwomba tena jambo lile lile. Hata ukibaki na kitabu chako cha 2014, azima swali lile la kwanza: huyu mtu anasitasita kweli? Kama hasitasiti, weka dadu chini.

Mwisho, mpangilio. Mimi narushisha dadu katikati. Mchezaji ananiambia mambo mawili: anataka mtu afanye nini, na kwa nini huyo mtu akubali. Anaweza kusema kwa kinywa cha mhusika au kwa kueleza tu, sijali. Uzito wa sababu ndio unaopandisha au kushusha namba ya ugumu ambayo dadu inapaswa kuifikia, utamu wa maneno hauongezi kitu. Kisha dadu. Baada ya dadu ndipo anayependa kuigiza anaigiza, akijua tayari imetoka ngapi. Mwenye kipaji akipata 3 anaigiza jinsi askari wake alivyoyakoroga maneno mazuri, na hilo nalo ni uigizaji mtamu. Mpole akipata 28 ananiachia mimi nieleze sauti yake ilivyomwingia mzee. Hakuna anayehutubia dakika tano halafu dadu ikamfuta.

---

Upanga Kwanza:

Hoja ya joka nimeipokea. Ila basi kuwe na hesabu inayoonekana, kama ilivyo kwa uhai wa joka. Mwongozaji akiweka "mistari mitatu" kichwani mwake, mchezaji atajuaje kwamba haibadilishwi katikati ili kumzuia?

---

Kimya Kingi:

Naomba niseme kama mchezaji wa upande wa malenga. Mimi ni mtu wa maneno machache mezani na nje ya meza. Nacheza wahusika wasemaji kwa sababu ndiyo nafasi yangu pekee ya kuwa mtu wa namna hiyo, na nikiambiwa "haya, iseme kama yeye" huku macho yote yananitazama, kila kitu kinanitoka kichwani.

Lakini "namshawishi atupe ufunguo" nayo hainiridhishi. Nikisema hivyo, dadu imecheza, mimi sijacheza. Ninachokihitaji kutoka kwa mwongozaji ni yale maswali mawili aliyoyataja Mshika Pazia, yaulizwe bila haraka, na wenzangu wasinijibie. Nikipewa muda wa kufikiri, sababu nitaileta. "Namkumbusha kwamba mganga huyu hajawahi kumgeuza mgonjwa, na mzee wa umri wake atamhitaji." Hiyo nimeisema kwa sauti yangu ya kawaida, sikuigiza chochote, na bado ni wazo langu.

Na kuhusu swali la Upanga Kwanza: ujuzi unaosahauliwa kila mara ni Kusoma Nia. Mimi siombi kitu kabla sijautumia. Namwambia mwongozaji, "Nakaa pembeni, wenzangu wanaongea, mimi namtazama mzee. Anageuza macho wapi tunapotaja alfajiri?" Ikitoka vizuri, naambiwa mmoja wa ile mistari mitatu. Ukishatamkwa mbele ya meza, hauwezi kubadilishwa. Kwangu hiyo ndiyo hesabu inayoonekana. Tena inafanya watu wanaoongea na watu wanaotazama wahitajiane, ambalo ni jambo ninalolitafuta katika kila kundi ninaloingia.

---

Baraza la Wazee:

Mnaotaka hesabu iliyo wazi kabisa, tazameni Burning Wheel, mchezo mwingine wa aina hii, wa Luke Crane. Una mfumo wa pambano la hoja. Kila upande unataja kwanza unachokitaka, kisha hoja yako inapewa pointi zake, mnashambuliana na kujilinda kwa zamu. Kizuri chake ni kwamba ukishinda huku pointi zako zimepungua, unalazimika kumwachia mwenzako kitu. Karibu kila ushindi unakuja na maafikiano. Nimeutumia kwenye mabaraza na mashauri, nikaona watu wanainama mbele kama wako vitani. Kwa karani mmoja usiku mmoja ni mzigo mzito mno, nisingeutumia.

Na kwa kuwa lazima siku moja malenga atataka kumrushia dadu mchezaji mwenzake: mchezo wa Apocalypse World wa 2010 ulipata njia ambayo sijaona iliyo bora. Dadu ikitoka vizuri sana, mhusika mwenzako akifanya ulichomwomba anapata alama ya uzoefu, na akikataa anafanya hivyo kwa tabu, kwa dadu yake mwenyewe. Uamuzi unabaki kwake. Kwangu hilo halina mjadala: mhusika wa mchezaji anashawishiwa, haamrishwi.

---

Meza ya Pili:

Nimesoma yote mara mbili. Taa na mafuta nayachukua kama yalivyo, Mshika Pazia, na askari nitazungumza naye kabla ya kikao. Maswali mawili nayaandika kwenye kadi niiweke katikati ya meza, kila mtu ayaone.

Limebaki moja. Mchezaji wa nne, anayecheza mwindaji, ameshanitumia ujumbe kwamba mzee akisita tu, yeye anamshika ukosi na kutumia Kutisha. Nyongeza yake ni nzuri. Hapo dadu inanunua nini?

---

Mshika Pazia:

Inanunua kitu cha haraka chenye deni. Mchezo wa Pathfinder, toleo la pili la 2019, umelipanga vizuri: ukimlazimisha mtu ukafaulu, anatii mradi agizo halielekei kumdhuru, kwa muda usiozidi siku moja. Baada ya hapo mtazamo wake kwenu umeharibika, na anaweza kwenda kuwashtaki.

Kwa hiyo mwindaji akimshika ukosi, mzee anaganda. Hatapiga kelele, na ataonyesha kwa macho ni msumari upi. Kwa mkono wake bado hatoi, maana hofu ya kitanzi ni kubwa kuliko hofu ya mwindaji, na ule mstari wa tatu uko pale pale. Wachukue wenyewe. Ila mafuta ya taa hayaishi tena, mlango hauachwi wazi, na kengele ikilia yeye ndiye wa kwanza kutaja majina yao. Kazi yote ya askari na malenga imefutika kwa sekunde moja, na urafiki ule hauwezi kurudishwa usiku huohuo.

Mwambie mwindaji hayo kabla hajarusha. Mwambie kabisa, usimfiche: "Ukifanya hivi utapata ufunguo haraka, na alfajiri atawataja." Mtu aliyeishi gerezani miaka yote hiyo anajua kutishwa kunafananaje, na mhusika wa mwindaji angeweza kuliona hilo usoni mwake. Akijua bei na bado akataka kulipa, mwache arushe. Wenzake watakuwa na la kumwambia, na mazungumzo hayo ya wao kwa wao, mbele ya mzee anayesikiliza kila neno, yape muda wake wote. Usiyakatishe kwa dadu.